Mvua Inyeshapo juu ya Lami

Watu wengi wakaao Nairobi husema, kila masika yafikapo, ya kwamba mvua za siku hizi si kama mvua za zamani. Husema hivyo wakiwa wamesimama barazani mwa maduka, viatu mkononi, wakitazama barabara iliyogeuka kuwa mto kwa muda wa robo saa. Neno lao lina kweli ndani yake, nayo itaelezwa mbele. Walakini si kweli yote. Mvua ya mwaka mzima katika Nairobi, ambayo ni kama milimita 900 hadi 1,000, hupanda na kushuka mwaka hata mwaka, lakini haikuongezeka maradufu tangu reli ilipofika mahali hapo mwaka 1899. Yaliyoongezeka maradufu, tena mara nyingi, ni maji yapitayo juu ya nchi bila kuzama. Sababu kubwa ni ardhi yenyewe, na mambo ambayo watu wameitendea.

Mkulima wa Murang'a au wa Machakos hahitaji vitabu ili alifahamu jambo hili. Na amwage debe moja la maji katika shamba lililolimwa juzi: maji yatazama papo hapo, na baada ya kitambo hapana dalili yake ila weusi wa udongo uliolowa. Kisha na amwage debe la pili katika uwanja wa mbele ya nyumba, ule ufagiliwao kila asubuhi na kukanyagwa na watoto na kuku mwaka mzima. Maji yatatambaa, yatatafuta mteremko, na mengi yatafika kwa jirani. Udongo ni ule ule. Ule wa shambani una matundu madogo yasiyohesabika, kazi ya jembe na mizizi na mchwa na nyungunyungu. Ule wa uwanjani matundu yake yamezibwa kwa kukanyagwa.

Kabla ya kuendelea yafaa msomaji ajue maana ya milimita za mvua, kwa kuwa hutajwa kila siku katika redio na wengi huzisikia bila kuzipima. Mvua ya milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa kipimo hicho wataalamu wa kilimo wamepima jinsi udongo unywavyo. Udongo wa mchanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa. Udongo tifutifu wa kawaida hunywa kati ya 10 na 20. Na udongo mzito wa mfinyanzi hunywa 1 hadi 5 tu. Mvua ikishuka polepole kuliko udongo unavyokunywa, hapana maji yatakayotiririka. Ikishuka kwa haraka zaidi, yale yanayozidi hubaki juu na kuanza safari. Hilo ndilo asili ya mto wowote wa mvua, wa shambani hata wa mjini.

Penye msitu au majani mengi yako mambo mengine ya kusaidia. Majani ya mti hushika matone ya kwanza, na mengine hukauka pale pale bila kugusa nchi. Majani makavu yaliyoanguka chini huvunja nguvu ya tone. Na nguvu hiyo si ndogo, kwa maana tone kubwa la mvua huweza kuanguka kwa mwendo wa mita 9 kwa sekunde, likapasua chembe za udongo na kuziba matundu kwa tope lake. Yaliyozama huenda chini taratibu, na sehemu yake hutokea chemchemini miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana kijito chenye msitu kichwani mwake huwa na maji hata wakati wa kiangazi.

Sasa mji huja na lami, mabati na saruji. Barabara ya lami haina matundu ya kunywa. Mvua ianzapo, milimita moja au mbili za kwanza hutumika kuilowesha na kujaza vishimo vidogo; baada ya hapo karibu kila tone liangukalo huenda zake. Bati la nyumba ni gumu zaidi ya hapo. Na ichukuliwe nyumba ndogo ya mita 5 kwa mita 8, ambayo paa lake lina mita 40 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 25, paa hilo peke yake humwaga lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20. Hiyo ni nyumba moja, tena ndogo. Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu 509,286 mwaka 1969, na watu 4,397,073 katika hesabu ya mwaka 2019. Hao wote hukaa chini ya paa, na hupita juu ya njia iliyoshindiliwa au kutiwa lami.

Hata hivyo wingi wa maji ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili, ambayo watu wengi huisahau, ni wakati.

Mwaka 1851 injinia mmoja wa Ireland, Thomas Mulvany, aliyekuwa akishughulika na kukausha mashamba yenye maji mengi, alieleza jambo ambalo likishaelezwa huonekana rahisi. Mvua ianzapo kunyesha katika bonde, maji ya kwanza kufika mlangoni mwake ni yale yaliyoanguka karibu. Yale ya mbali yangali njiani. Mto hujaa kabisa pale tone lililoanguka mwisho wa bonde linapowasili na mvua ikiwa ingali inanyesha, maana hapo sehemu zote za bonde zinaleta maji kwa pamoja. Mainjinia huuita muda huo wa safari muda wa mkusanyiko. Katika uwanja wenye nyasi, maji hupita kwa kuzungukazunguka katika mashina, yakasimama penye kila tundu, na yaweza kuchukua saa nzima kufika mtaroni. Uwanja uo huo ukitiwa lami na kuelekezewa mfereji ulionyooka, maji huwasili kwa dakika tano au kumi.

Mtu aweza kuuliza, kuna dhara gani maji yakifika mapema? Dhara lake ni hili. Mvua hainyeshi kwa nguvu moja. Kila ajuaye mvua ya jioni ya mwezi wa Aprili anajua ya kwamba kuna dakika chache za ukali, ambapo mtu hasikii mwenziwe akisema chini ya bati, kisha hupoa. Ukipima dakika kumi zile kali, nguvu yake yaweza kufika milimita 60 kwa saa. Ukipima saa yote kwa wastani, huenda isizidi 30. Uwanja wa nyasi, kwa kuwa hukusanya polepole, huuona ule wastani. Uwanja wa lami huuona ule ukali wenyewe. Basi mwenye kutia lami huongeza maji, na tena huyachagulia maji yake saa mbaya kabisa ya mvua.

Mwaka 1889 Emil Kuichling, injinia wa mji wa Rochester katika jimbo la New York, Marekani, aliyaweka mambo haya katika hesabu ambayo mainjinia wa miji wanaitumia hata leo. Alipima maji ya mitaro ya mji wake, akaona ya kwamba fungu la mvua lililofika mtaroni lilikaribia kuwa sawa na fungu la ardhi lililozibwa kwa paa na mawe ya barabara. Hesabu yenyewe si ngumu: huzidishwa ukubwa wa uwanja, kwa nguvu ya mvua, kwa fungu la maji yasiyozama. Kwa lami na paa fungu hilo huwa kama 0.9, yaani sehemu tisa katika kumi. Kwa nyasi huweza kuwa 0.2, zaidi kidogo au pungufu kidogo kwa kadiri ya udongo na mteremko.

Na ijaribiwe katika hekta moja, ambayo ni kama ekari mbili na nusu. Mvua ya milimita 60 kwa saa ikipiga hekta hiyo yote ikiwa imetiwa lami, maji yatokayo ni lita 150 kila sekunde, yaani madebe saba na nusu. Hekta hiyo ikiwa ya nyasi, nayo ikipimwa kwa ile nguvu ya wastani ya milimita 30, hutoa kama lita 17 kwa sekunde, hata debe moja halijai. Mvua ni moja, saa ni ile ile, na mtaro ulio chini unatakiwa kupokea takriban mara tisa.

Wakulima wa Kenya wataona katika hesabu hii jambo wanalolijua kwa jina lingine. Katika milima ya Machakos watu wamechimba matuta kwa miaka mingi, wakitupa udongo upande wa juu wa mfereji, na jina la kazi hiyo, fanya juu, limekwisha kuingia katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengine likiwa vivyo hivyo katika Kiswahili. Tuta huyasimamisha maji, likayanyima mwendo mpaka yazame. Mji umefanya kinyume chake: umesawazisha, umenyoosha, umepaka, ukayapa maji njia fupi kuliko zote. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyekulia katika shamba la matuta, akijenga mjini, huona fahari kuutia uwanja wake wote saruji asibakize hata shubiri moja ya udongo.

Tena ardhi ya Nairobi ina tabia yake, na tabia hiyo huamua ni nani atakayelowa. Mji umeinama kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande wa magharibi, kwenye vilima vya kuelekea Kikuyu na Ngong, udongo ni mwekundu, wenye kina na wenye kunywa vizuri. Upande wa mashariki na kusini, kuelekea Embakasi na nyika ya Athi, ni tambarare yenye ule udongo mweusi wa kunata. Udongo huo wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kutosha mtu kuingiza mkono, na mvua za kwanza humezwa humo zote. Lakini ukishalowa huvimba, nyufa zikajifunga, na toka siku hiyo hunywa kidogo mno. Wamasai walipaita mahali hapo pa maji baridi, na jina la mji limetoka katika maneno hayo. Wajenzi wa reli walipiga kambi yao penye nchi ya majimaji. Kwa hiyo udongo unywao vizuri ndio uliozibwa huko juu kwa majumba na maegesho ya magari, na maji yake yakapelekwa chini penye udongo usiokunywa.

Mito mitatu hupokea maji hayo: Mathare, Nairobi na Ngong. Kando ya Mto Mathare na kando ya Mto Ngong penye Mukuru, watu maskini wamejenga vyumba vya mabati karibu kabisa na maji, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine ambapo kodi yake wangeiweza. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mito hiyo ilifurika usiku, ikachukua nyumba na watu. Katika nchi nzima ya Kenya mvua za msimu ule ziliua watu zaidi ya 200. Baadaye serikali iliamuru watu wahame kingo za mito, na nyumba nyingi za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Ni kweli ya kwamba waliokaa pale walikaa penye njia ya mto. Ni kweli pia ya kwamba mto ule ulikuwa umepanuliwa na watu walio mbali nao, kila mmoja kwa paa lake na uwanja wake, na hao hawakuletewa amri wala hesabu. Maji ya mtu wa juu humtoka kwa dakika tano, naye hufunga mlango akalala. Mtu wa bondeni huyapokea asijue yalikotoka.

Juu ya haya yote kuna habari ya mitaro yenyewe. Bomba la maji lina siri yake: likipanuliwa maradufu, halipitishi maji maradufu, bali zaidi ya mara sita, kwa kuwa maji ya katikati hayasuguani na kuta. Ubaya ni kwamba siri hiyo hufanya kazi kinyume vilevile. Kalvati ambalo nafasi yake imebaki nusu ya upana wake, kwa sababu ya mchanga na chupa na magunia, hupitisha sehemu ya sita tu ya maji yake au pungufu. Kenya ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mitaro ikapata nafuu. Lakini chupa zingalipo, na mchanga wa ujenzi ungali humwagwa kando ya barabara karibu na mdomo wa mtaro, hata mvua ya kwanza ikautia ndani. Mtaro ulioziba kwa nusu hauonekani kuwa mbaya wakati wa kiangazi. Mtu hupita juu yake miezi mitatu asijue.

Maji ya kwanza ya mvua ndiyo machafu kuliko yote. Lami hukusanya kwa wiki nyingi mafuta ya magari, masizi, vumbi la matairi, mavi ya mbuzi na ya mbwa, na takataka za sokoni. Mvua ya kwanza huosha hayo yote kwa mara moja. Nairobi, mitaro ya mvua na mabomba ya maji ya choo vilikusudiwa viwe mbali mbali. Mitaro huenda mtoni bila kusafishwa, na mabomba ya choo huenda penye mitambo ya kusafishia. Lakini maji ya mvua yanapoingia katika mashimo ya maji machafu kwa wingi, vifuniko huinuka, na yale ya choo hutoka nje yakachanganyika na yale ya barabarani. Hapo ndipo ugonjwa wa kipindupindu hupata njia. Mzazi anayemwacha mtoto acheze katika maji ya barabarani kwa kuwa ni maji ya mvua, yafaa alifahamu jambo hilo. Na hata maji safi yaendayo kasi si ya kuchezewa: kina cha sentimita 15 tu kwaweza kumwangusha mtu mzima.

Kutoka mjini maji hayo huingia Mto Athi, yakapita maporomoko ya Fourteen Falls, yakashuka nyika ya Tsavo kwa jina la Galana, na mwisho humwagika baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki. Wavuvi wa Malindi huyaona masika yakiwasili: bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Sasa ile kweli iliyo katika neno la watu wa barazani. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na dunia imekwisha kupata joto zaidi ya digrii moja tangu karne ya 19. Kwa hiyo zile dakika za ukali zinazidi kuwa kali. Mji uliofupisha muda wa maji yake ndio utakaoumia zaidi, maana dakika hizo ndizo uzionazo.

Ajabu nyingine ni kwamba mji huu unaozama Aprili hulia kiu Februari. Sehemu kubwa ya maji yake ya bomba huletwa kutoka bwawa la Ndakaini katika Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 nalo lina nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Hata hivyo katika mitaa mingi watu hununua maji kwa debe. Ile nyumba ya mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 900, hupokea juu ya bati lake lita 36,000 kwa mwaka, yaani madebe 1,800, ambayo mengi huachwa yaende yakafurishe mto. Watu wa pwani tangu zamani waliyajua mambo haya. Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, limo birika la kukusanyia maji ya mvua.

Katika mambo awezayo mwenye nyumba kufanya, pipa au tangi chini ya mfereji wa paa ndilo lililo jepesi. La pili ni kutotia saruji penye haja ya njia tu: mistari miwili ya kupitishia magurudumu yatosha gari, na katikati paachwe nyasi. Yale matofali ya saruji ambayo watu huyaita kabro ni afadhali kidogo kuliko lami, maana kuna mchanga katika viungo vyake, lakini yakipangwa juu ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine hayapitishi mengi. Shimo la mawe, lenye kina cha mtu na kujazwa kokoto, hufaa sana penye udongo mwekundu, mradi liwe mbali na msingi wa nyumba na mbali zaidi na shimo la choo. Penye udongo mweusi halifai kitu. Litajaa siku ya kwanza na kukaa limejaa. Huko tambarare dawa ni nafasi: uwanja wa mpira ulioshushwa kidogo chini ya barabara, ambao maji hukaa humo kwa saa chache kisha yakaachiliwa polepole, na siku ya pili watoto wakacheza.

Na kwa habari ya tangi, liko jambo moja ambalo wauzaji wake hawalitaji. Tangi humsaidia mwenyewe siku lijaapo, lakini huusaidia mtaro siku ile tu linapokuwa na nafasi. Lililojaa tangu mvua ya juzi hufurika kama kwamba halipo. Kwa hiyo katika miezi ya Aprili na Novemba, mwenye tangi hufanya vema kutumia maji hayo kwanza, kwa kufua, kudekia na kunyweshea bustani, akaacha ya bomba, hata mawingu yakikusanyika tena jioni upande wa Ngong, tangi liwe limepungua nusu.